Maswali ya Wasomaji: Maziwa ya Mbuzi Kwenye Sabuni

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa familia zinazofuga mbuzi wa maziwa na zinataka kutengeneza sabuni ya kuogea nyumbani. Tumejibu zile zinazogusa mambo yanayoharibu mali au kuumiza watu. Vipimo vyote hapa ni vya uzito, hata vya maziwa. Kama huna mizani ya kidijitali inayosoma gramu mojamoja, inunue kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu kikombe na kijiko havifai kupimia kazi hii.

Shikamooni wataalamu. Nina majike wawili chotara wa Kinorwe na wananipa lita tatu kwa siku. Nataka kuanza sabuni. Niongeze mbuzi wangapi? — Mama mfugaji, Mgeta

Marahaba, mama. Usiongeze hata mmoja. Mkupuo wa sabuni, yaani sabuni ya kukorogwa mara moja, unaotumia kilo moja ya mafuta unahitaji gramu 300 tu za maziwa, na unakupa vipande 12 vya kuogea. Kwa hesabu hiyo lita moja inatosha vipande 40 hivi. Maziwa ya mbuzi wako wawili kwa siku moja yangetoa vipande zaidi ya mia, na hutapata mafuta, nafasi ya kukaushia wala wateja wa kiasi hicho kwa haraka.

Wengi hawalioni hili mapema: katika sabuni ya maziwa, maziwa ndiyo sehemu ndogo na ya bei nafuu. Fedha inakwenda kwenye mafuta na vifungashio. Tuchukulie bei za mfano (weka za sokoni kwako): mafuta ya nazi shilingi 4,200, mawese 2,000, alizeti 1,200, nyonyo 1,000, kostiki (kemikali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) 600, maziwa 900, karatasi na boksi za vipande 12 shilingi 3,600. Jumla ni 13,500, yaani 1,125 kwa kipande kabla ya kuni, umeme na mikono yako. Maziwa hapo hayafiki asilimia 7. Kwa hiyo mtu anayenunua mbuzi ili atengeneze sabuni ameanzia mwisho. Mbuzi anunuliwe kwa ajili ya maziwa ya watoto, maziwa ya kuuza, vitoto na mbolea. Sabuni inakuja kubeba ziada, yale maziwa ya siku ambayo mteja hakutokea au njia ya mlimani imekatika kwa mvua. Ninyi wa Mgeta mbuzi hawa mnawajua tangu Chuo Kikuu cha Sokoine kilipoleta damu ya Kinorwe huko miaka ya 1980, na tabu ya kuyafikisha maziwa mabichi Morogoro mjini mnaijua pia.

Jambo moja la kupanga ni kipindi cha ukavu. Mimba ya mbuzi ni siku 150, na jike aachwe kukamuliwa miezi miwili ya mwisho ili kiwele kipumzike. Majike wako wakipandwa pamoja, wote watakauka pamoja. Wapandishe kwa kupishana, au gandisha maziwa ya akiba kwenye mifuko ya gramu 300, kila mfuko ukiwa na tarehe. Mfuko mmoja, mkupuo mmoja.

Naomba vipimo kamili vya sabuni ya kuogea. Jirani anatumia magadi soda, mwingine anasema kostiki. Tena nimeona watu wanakoroga kwa makadirio tu. Ipi ni sahihi? — Kijana wa Babati

Makadirio si sahihi hata kidogo, na magadi soda siyo kostiki. Magadi tunayopikia maharage hayana nguvu ya kugeuza mafuta kuwa sabuni ngumu. Kinachohitajika ni kostiki soda, vipande vidogo vyeupe bapa au chembe, kutoka duka la kemikali, katika chombo kilichofungwa vizuri. Kostiki hufyonza unyevu wa hewani. Iliyokaa wazi imelowa na uzito wake ni wa maji, kwa hiyo ukiipima utadhani umeweka ya kutosha na sabuni itabaki laini yenye mafuta.

Vipimo vya mkupuo mmoja: mafuta ya nazi gramu 350, mawese gramu 400, alizeti gramu 200, mafuta ya nyonyo gramu 50, maziwa ya mbuzi yaliyogandishwa gramu 300, kostiki gramu 146. Nazi inatoa povu na ugumu, lakini ikizidi inakausha ngozi. Mawese yanaipa sabuni uimara isiyeyuke upesi bafuni. Mawese mekundu ya Kigoma yataifanya iwe ya manjano. Ukitaka nyeupe tumia yaliyosafishwa. Alizeti inalainisha. Nyonyo kidogo inashikilia povu.

Kostiki hiyo haikutoka hewani. Kila mafuta yana kiasi chake: gramu 100 za nazi zinakula kostiki gramu 18.3, mawese 14.2, shahamu ya ng'ombe 14, alizeti na zeituni 13.5, parachichi 13.3, nyonyo 12.8. Ukijumlisha kwa vipimo vyetu unapata gramu 154. Tunapunguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki bila kugeuka, yakinge ngozi, na ndipo tunafika 146. Ukibadilisha mafuta, hata kwa sababu dukani nazi imekwisha, rudia hesabu yote. Atakayeweka alizeti mahali pa nazi na kuacha kostiki ileile atatengeneza kitu cha kuchubua watu.

Sasa kazi yenyewe. Vaa glovu ndefu, miwani ya kuziba macho, nguo ya mikono mirefu na viatu vilivyofunika vidole. Fanyia mahali penye hewa, watoto na kuku wakiwa mbali. Vunjavunja maziwa yaliyoganda ndani ya jagi la plastiki ngumu, na jagi liketi kwenye beseni la maji yenye barafu. Nyunyiza kostiki kijiko kimoja kimoja huku ukikoroga, ukisubiri kila kijiko kiyeyuke. Kazi hii ichukue dakika 10 hadi 15. Daima kostiki ndiyo inayoingia kwenye kimiminika. Ukimimina kimiminika juu ya kostiki, huchemka ghafla na kukurukia usoni. Mchanganyiko utakuwa wa rangi ya krimu na mzito kidogo, maana mafuta ya maziwa yenyewe yanaanza kugeuka sabuni. Uchuje kwa chujio la plastiki, chembe isiyoyeyuka ikibaki ndani ya kipande itamuunguza mtumiaji.

Wakati huohuo yeyusha mafuta na uyaache yapoe hadi nyuzi 30 au 35. Ukigusa nje ya sufuria unasikia uvuguvugu tu. Mimina maziwa yenye kostiki ndani ya mafuta, kisha koroga. Kwa blenda ya mkono, washa sekunde chache, zima, koroga, washa tena; dakika tano zinatosha. Kwa mwiko, jiandae kwa nusu saa au saa nzima. Utajua imefika pale uji huo wa sabuni ukidondoshwa juu unaacha mstari usiozama mara moja. Harufu, kama unaweka mchaichai au mdalasini, iingie sasa: gramu 20 hadi 30 za mafuta ya mchaichai kwa mkupuo huu, na mdalasini kidogo sana kwa kuwa unawasha ngozi.

Boksi la mbao lenye urefu wa sentimita 25, upana 8 na kina 8, lililotandikwa karatasi ya kuokea, litaubeba mkupuo huu. Baada ya saa 24 hadi 48, ikiwa imara kama jibini, kata kila sentimita mbili. Panga vipande vikiwa vimeachana kwenye rafu ya mbao penye kivuli na upepo kwa wiki 4 hadi 6. Hapo maji yanatoka, kipande cha gramu 120 kinashuka hadi kama 105, na sabuni inakuwa pole kwa ngozi na haiishi upesi. Anayeuza sabuni ya wiki moja anamuuzia mteja maji.

Nilimimina kostiki kwenye sufuria, ikatoa povu na moshi wenye harufu kali, sufuria ikawa nyeusi. Je, niliuziwa feki? — Msomaji wa Lushoto

Hapana, sufuria yako ni ya alumini, kama nyingi za jikoni kwetu. Kostiki inaitafuna alumini na kutoa gesi inayoweza kushika moto. Mwaga kwa uangalifu ukiwa nje, usiitumie sufuria hiyo kupikia tena. Tumia stenlesi au plastiki nene. Glasi tuiache, hupasuka kwa joto. Na mwiko wa sabuni usirudi jikoni.

Sabuni yangu imekuwa rangi ya tangawizi na inanuka kama mkojo. Mkupuo wa pili ukafura katikati, ukapasuka na kumwagika nje ya boksi. Maziwa ni mabichi ya asubuhi hiyohiyo. — Mama Lulu, Arumeru

Tatizo lako lipo kwenye hilo neno la mwisho: mabichi, hayakugandishwa. Kostiki ikigusa kimiminika hutoa joto kali, na katika maji ya kawaida mchanganyiko unaweza kupita nyuzi 80. Maziwa yana sukari yake, na sukari hiyo ikipata joto pamoja na kostiki huungua na kuwa rangi ya chungwa, halafu kahawia. Protini nayo inavunjika na kutoa amonia, ndiyo hiyo harufu ya mkojo. Barafu ya maziwa inameza joto lile kabla halijafanya madhara. Ukiona rangi inageuka manjano kali wakati wa kunyunyiza, simama, ongeza barafu kwenye beseni, subiri, kisha endelea.

Kufura na kupasuka ni joto hilohilo likija mara ya pili. Sabuni inaendelea kujipasha yenyewe ndani ya boksi kwa saa kadhaa, na sukari ya maziwa inaongeza moto. Anayekoroga sabuni kwa maji badala ya maziwa huifunika blanketi. Ya maziwa haifunikwi. Iweke kwenye sakafu ya saruji, au ndani ya jokofu kwa usiku mmoja. Ukiweka na asali, kijiko kimoja cha chai kwa mkupuo kinatosha, na ulinzi wa joto uwe mara mbili.

Sabuni yako ya kahawia haijaharibika. Harufu ya amonia huisha ndani ya siku chache za kukauka. Ile iliyofura, kama haikuachana mafuta na maji, kata, ikaushe, ioge familia.

Sina friza. Umeme wenyewe wa jua, taa mbili. Niache? — Mfugaji, Kondoa

Usiache. Gawa kimiminika. Yeyusha kostiki gramu 146 kwenye maji safi gramu 160, iache ipoe kabisa hadi usisikie joto ukigusa jagi kwa nje. Endelea kama kawaida na mafuta, na uji ukianza kuwa mzito, mimina maziwa fresh gramu 140 yaliyochujwa, ukikoroga. Kostiki nyingi imeshaanza kazi kwenye mafuta, kwa hiyo maziwa hayaungui sana. Usipunguze maji chini ya uzito wa kostiki, haitayeyuka yote. Fanya alfajiri, kukiwa na baridi.

Jike wangu kiwele kimevimba upande mmoja na maziwa yana mabonge. Kwa kuwa hayanyweki, nayatia kwenye sabuni. Kuna ubaya? Na kwa nini maziwa yangu yananuka beberu? — Mzee wa Mwanga

Mzee wetu, huo ni ugonjwa wa kiwele, na maziwa yake yasiingie kwenye sabuni. Mabonge yana usaha na chumvi nyingi. Sabuni inakuwa na madoa, inanuka, na wewe unauza kitu usichoweza kumwambia mteja kimetoka wapi. Mwite mtaalamu wa mifugo wa kata leo, maana upande ule unaweza kufa moja kwa moja. Akidungwa dawa, mwaga maziwa kwa siku zote zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa. Dang'a nayo ya siku za kwanza baada ya kuzaa ni ya vitoto, hata tone lisiende kwingine.

Ili usirudi hapo, kila kukamua, saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, osha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, kikaushe kwa kitambaa chake mwenyewe, kila jike na chake. Mikamuo miwili mitatu ya kwanza iende kwenye kikombe cheusi. Bonge dogo utaliona hapo kabla kiwele hakijavimba. Ukimaliza, chovya chuchu kwenye dawa ya ayodini na umpe majani asimame kula kidogo, tundu la chuchu lifunge kabla hajalala. Mgonjwa akamuliwe wa mwisho. Sakafu ya banda iwe ya kuinuliwa, mbao zikiachana sentimita moja na nusu ili kinyesi kidondoke na kwato zisinase.

Harufu ya beberu inatoka kwa beberu. Mtenge, banda lake liwe upande upepo unakokwenda, wala si unakotoka, na anayemshika asikamue kabla ya kunawa na kubadili shati. Kama hakuna beberu karibu, tazama vyombo. Ndoo ya plastiki yenye mikwaruzo huficha uchafu. Tumia ya stenlesi au alumini, ambayo kwa maziwa peke yake haina tatizo. Chuja na poza mara moja kwa kuzamisha chombo kwenye maji baridi.

Huku Tanga masika sabuni inatoka jasho, halafu baada ya miezi miwili inatoa madoadoa ya rangi ya chungwa na harufu ya mafuta ya zamani. Vinahusiana? — Kikundi cha akina mama, Pangani

Ni mambo mawili, dada zetu. Jasho ni gliserini iliyo ndani ya sabuni kuvuta unyevu wa hewa ya pwani. Si kasoro, ila inachukiza dukani. Kausheni ndani ya chumba chenye feni, dirisha likifungwa siku za mvua, na mfunge kwa karatasi. Nailoni ya kubana huziba jasho ndani.

Madoa ya chungwa ni mafuta kuchacha. Chanzo cha kwanza ni alizeti nyingi. Isipite gramu 200 katika kilo. Cha pili ni mafuta yaliyonunuliwa yakiwa yamekaa juani kwenye madumu. Nuseni kabla ya kununua. Cha tatu ni chuma: rafu ya waya yenye kutu itachora madoa palepale kipande kilipogusa. Msizidishe pia mafuta yasiyogeuka kupita asilimia 5 mkidhani mnaboresha. Kwa hewa ya Pangani ni kuyaalika madoa.

Unga mweupe juu ya sabuni mliouliza mwishoni mwa barua ni kostiki kukutana na hewa siku ya kwanza. Funikeni boksi kwa ubao usiogusa sabuni. Ukishatokea, kwangueni kwa kisu.

Naomba kujua niandike nini kwenye karatasi ya sabuni. Wateja wanataka niandike inaponya ukurutu. — Dada wa Moshi

Usiandike. Sabuni ni kitu cha kusafishia. Ukidai inatibu, umeifanya dawa, na dawa ina sheria zake na mamlaka yake. Mwenye ukurutu huenda akaiona ni pole kuliko sabuni za dukani kwa sababu gliserini yote imebaki ndani, na huenda pia ikamuwasha, hasa ikiwa na manukato. Mtengenezee isiyo na harufu, mwambie ajaribu kwanza kwenye mkono kwa siku mbili.

Andika jina, uzito halisi baada ya kukauka, tarehe ya kutengenezwa, mahali, na viambato vyote kuanzia kingi hadi kidogo. Kwa Tanzania, vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, tangu 2019. Mjasiriamali mdogo aanzie ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, kupata barua ya utambulisho. Kenya, nenda KEBS, shirika la viwango la huko.

Nina mashaka na mkupuo mmoja, nadhani nilipima kostiki mara mbili. Nitajuaje? Na nikiungua? — Msomaji, Nyeri

Tazama kwanza. Sabuni yenye kostiki iliyozidi huwa nyeupe kama chaki, hupasuka vipandevipande ukiikata, na wakati mwingine ina mifuko ya kimiminika inayong'aa. Isubiri siku tatu, lowesha kidole, sugua kipande, kisha gusa ncha ya ulimi kidogo mno na usuuze. Ikikupiga kama betri, kostiki ipo. Karatasi za kupimia ukali (pH) ni bora zaidi: sabuni nzuri inasoma kati ya 9 na 10.5. Mkupuo uliowekewa kostiki mara mbili hauokolewi kwa kuongeza maziwa wala siki. Uchimbie mbali na malisho na chanzo cha maji, usiuuze hata kwa kufulia.

Ukidondokewa, vua nguo iliyolowa na umwagie ngozi maji yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake siki wala limau, joto la kuchanganyika kwake linaongeza jeraha. Jicho nalo ni maji kwa dakika 20, kope zikiwa zimefunuliwa, kisha hospitali hata kama maumivu yamepungua. Mtoto akimeza, usimtapishe, maana itaunguza koo mara ya pili. Msuuze mdomo na mkimbize hospitali, chukua na kopo la kostiki mkaonyeshe. Na kopo hilo likae kwenye kabati lenye kufuli, likiwa na maandishi yake ya dukani, wala kostiki isihamishiwe kwenye chupa ya soda au ya maji.